Njaa yangu nitaiaminije?

SWALI: Nina miaka 34, nauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Nataka kupunguza mwili, kwa hivyo asubuhi nakunywa chai ya rangi tu na mchana napitisha kwa maji. Nikifika nyumbani Nyalenda saa mbili usiku, nakula ugali na samaki wa watu wawili, namalizia chapati za watoto, na bado sitosheki. Shemeji zangu wamenipa jina, na mimi mwenyewe nimeanza kujiona bure. Nasikia mtu akiusikiliza mwili wake atakula inavyofaa. Huu wangu siuamini. Njaa ya kweli nitaijuaje, na nikiifuata si nitanenepa zaidi? Ama ni ulafi tu?

JIBU: Mama, tuanze na hilo neno ulafi. Mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kilianza jaribio na vijana 36 wa kiume, wazima wa afya, waliojitolea. Profesa Ancel Keys alitaka kujua njaa inamfanya nini binadamu, ili watu wa Ulaya waliokuwa wamedhoofishwa na vita wajulikane namna ya kulishwa. Kwa karibu miezi sita vijana wale walipewa takribani nusu ya chakula walichozoea. Wakaanza kuota chakula, kulamba sahani, kusoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo riwaya. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula hadi wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Walafi? Hapana. Walikuwa wamenyimwa. Nawe unajinyima hivyo kutwa nzima, kisha usiku unashangaa.

Tumbo tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo huupelekea ubongo habari kwamba chakula kinatakiwa. Hupanda karibu na saa ulizozoea kula, kisha hushuka kidogo hata kama hukula. Ndiyo maana njaa ya saa saba mchana ukiipa maji huonekana imekwenda zake. Imejificha tu. Habari ya kushiba nayo huchelewa kama dakika ishirini kufika, na mtu aliyekaa na njaa tangu alfajiri humaliza sahani kabla ya hapo.

Sasa nitasema jambo ambalo wenzangu wengine katika kazi hii ya lishe watalibishia: usianze kwa kuisikiliza njaa. Kwa sasa njaa yako ina sauti mbili tu, kimya na kelele. Wiki tatu za kwanza kula kwa saa. Saa moja asubuhi, chai ya maziwa na nduma au kiazi kitamu. Saa saba, nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) au ugali na omena, ukiwa umeketi. Saa kumi, ndizi. Usiku, chakula cha kawaida. Kula hata kama husikii njaa.

Baadaye utaanza kusikia sauti za katikati. Njaa huja polepole: tumbo linanguruma, hasira zinakaribia, unahesabu chenji ya mteja mara mbili. Haichagui, hata nyoyo ya jana itaikubali. Uchu hutaja jina la kitu, na kwako jina lake ni chapati. Kuwa na uchu si dhambi. Weka chapati kwenye sahani, kula na watoto, si baada yao ukiwa umesimama jikoni. Kinachokatazwa ndicho kinachotawala.

Kilo? Sitakudanganya. Wengine hupungua, wengine huongezeka mwanzoni, wengi hubaki walivyo. Hii si dawa ya kupunguza mwili, na anayekuuzia hivyo anataka pesa zako.

Kuhusu kujiona bure: kila asubuhi unajiahidi hutakula, na kila usiku unaivunja ahadi hiyo. Nani angemwamini mtu wa namna hiyo? Jipe ahadi unayoiweza, chakula cha saa saba, uitimize kesho na keshokutwa. Kiswahili kina neno kukinai: kushiba, na pia kutosheka na ulicho nacho. Sidhani ni bahati tu kwamba ni neno moja.

Shemeji waache. Ukienda kwa mama mkwe, pakua kidogo kwanza, halafu kubali kuongezwa. Atafurahi, nawe utakula kiasi chako.

Mambo mawili usiyachezee. Ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usingoje njaa kamwe. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4.0 (mmol/L kwenye kipimo) ni hatari. Na ikiwa baada ya kula unajitapisha, au unameza dawa za kuharisha, nenda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ueleze wazi. Ushauri wangu wote, bila shaka, ni wa mwenye chakula sufuriani. Asiye nacho shida yake si masikio.

Siku yako ngumu itakuwa Jumapili, soko linapofurika. Agiza nyoyo mapema kabla wateja hawajaanza kumiminika, na mwombe jirani wa kibanda akushikie kazi kwa dakika ishirini. Nawe umshikie zake.