Maswali ya Karakana: Ubao wa Pekani

Risiti yangu imeandikwa "hikori/pekani". Nimeuziwa ipi?

Huenda zote mbili. Pekani ni mojawapo ya miti ya hikori, na kwao ni bonde la Mto Mississippi, kusini mwa Marekani, hadi kaskazini mwa Meksiko. Zikishapasuliwa, mbao zake na za hikori nyingine hufanana mno, kwa hiyo huuzwa pamoja. Pekani ni laini kidogo kuliko ndugu zake, lakini usidanganyike na neno hilo "laini". Kwenye kipimo cha Janka, kinachopima nguvu ya kuzamisha gololi ya chuma nusu yake kwenye ubao, pekani hufika pauni 1,820 hivi. Mwaloni mwekundu haufiki 1,300.

Nikiranda, ubao unang'oka vibanzi. Msumeno nao unaacha alama nyeusi. Nakosea wapi?

Anza na makali kabla ya kuulaumu ubao. Pekani hula makali; randa iliyonyoa vizuri asubuhi, alasiri inakwaruza tu. Ukishanoa, tazama ubao ubavuni, penye mwanga, uone nyuzi zinapanda kuelekea upande gani, kisha randa kuelekea huko huko. Karibu na fundo nyuzi hugeuka ghafla. Hapo shusha kisu cha randa kidogo sana, mpaka utoe unyoya mwembamba unaopitisha mwanga.

Zile alama nyeusi ni za kusitasita. Ukisimamisha ubao katikati ya mkato, meno yanasugua mahali pamoja na kuunguza. Sukuma kwa mwendo mmoja. Mimi huacha milimita moja ya ziada niimalize kwa randa, maana kufuta alama ya moto kwa msasa kwenye mti huu ni adhabu.

Nimepata gogo bichi. Nilipasue sasa au nisubiri?

Sasa. Paka nta au rangi nzito kwenye vichwa vyote viwili, la sivyo vitapasuka kabla hujarudi na msumeno. Pekani husinyaa sana: ubao wa sentimita 30, ukikatwa sambamba na miduara ya mti na kukaushwa kabisa, hupoteza zaidi ya sentimita 2 na nusu za upana. Panga mbao juu ya vijiti vya unene mmoja, weka uzito juu, na uzipe kivulini takriban mwaka kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Kagua rundo mara kwa mara. Ukikuta unga laini kama wa ngano na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, hao ni dumuzi. Wanapenda ile sehemu nyeupe ya nje, yenye wanga. Tenga ubao huo haraka. Joto la tanuri huwaua, lakini haliwazuii kurudi. Kinachozuia ni vanishi, kwa kuwa hutaga mayai kwenye vinyweleo vilivyo wazi.

Benchi la bustanini je?

Hapana. Litaoza.

Skrubu zangu zinakatika vichwa.

Toboa kwanza kwa keekee, upake skrubu nta au sabuni.

Mabaki niyatupe?

Usithubutu! Ni kuni nzuri mno za kufukizia nyama, mradi hayajaguswa na gundi, vanishi wala dawa ya wadudu.