Ami, Twende Wapi? Maswali ya Sikukuu

Barua za wiki hii karibu zote ni za matembezi, maana Idd inabisha hodi. Nimechagua zinazofaa wengi. Za kuuliza "wapi pazuri pa kupiga picha" nimeziweka kando, na zitakaa huko huko.

Ami, Idd Mosi tunataka kuwapeleka watoto ufukwe wa Pirates baada ya Adhuhuri, waogelee mpaka karibu na Magharibi. Kuna ubaya? (Mama wa watatu, Kisauni)

Upo, na si msongamano peke yake. Idd ya kufungua Ramadhani huangukia mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama maji ni ya bamvua, yanapwa mbali na kujaa sana. Hapa kwetu Mombasa maji ya bamvua hupwa asubuhi mwendo wa saa nne, na hujaa alasiri mwendo wa saa kumi. Kwa hiyo mnapofika nyinyi, pilau bado tumboni, bahari inapanda. Inapofika kileleni ufukwe umebaki ukanda mwembamba, na Kisauni, Likoni na Changamwe nzima imesimama juu yake. Kisha, watoto wamekolea mchezo, maji yanageuka. Yale yote yaliyoingia ndani ya mwamba hutafuta mlango wa kutokea, na mtoto aliyepakatwa na tyubu hana breki. Tyubu ndiyo ninayoiogopa kuliko yote. Asiyejua kuogelea, akiwa mikono mitupu, hukomea maji ya kiunoni. Mkodishie tyubu, utamkuta kilindini anacheka.

Swalini, kunyweni chai, muwe ufukweni saa nne maji yakiwa yamekauka. Watoto wachezee vidimbwi, na ikifika saa saba muwe mnafunga virago. Waokoaji wapo, lakini kwa umati ule macho yao hayatoshi. Mteueni mtu mzima mmoja, kazi yake kuwaangalia watoto tu, na simu yake aishike mwingine.

Idd Kubwa ni hadithi nyingine. Ile huja siku ya kumi tangu mwezi kuandama, na siku hizo maji ni mafu, hayapwi mbali wala hayajai sana. Haya wazee wetu waliyahesabu kwa vidole. Sisi tuna simu za bei ya ng'ombe na hatujui leo ni siku ya ngapi ya mwezi.

Pirates kuna kiingilio? (Wengi)

Hapana.

Tulikuwa tukitembea ufukweni kutoka Pirates kwenda upande wa Nyali, tukaketi kivulini mbele ya hoteli. Soja akatufukuza, akasema mchanga ni wa hoteli. Ni kweli? (Kijana wa Bombolulu)

Si kweli. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga ambao bahari imeulowesha ni wako kama ulivyo wa mgeni aliyelala kwenye kiti na miwani yake. Kivuli ndicho chenye maneno. Ikiwa kilikuwa cha mwavuli wa hoteli, au cha mnazi uliosimama ndani ya mpaka wao, soja alikuwa na haki ya kuwaondoa, ingawa si kwa kelele. Siku nyingine shukeni hatua kumi kuelekea majini, mketi, na mumsalimie. Yeye naye ametumwa.

Lakini soja si tatizo kubwa. Tatizo ni njia. Mchanga ni wetu, sawa, tutaufikia kwa kupaa? Tazameni vile vichochoro vya kushukia pwani, kuanzia Nyali hadi Shanzu. Kwanza huja mawe mawili njiani, eti kuzuia magari. Baada ya muda kibao cha "Mbwa Mkali", na mbwa mwenyewe hajaonekana. Halafu geti, ambalo mchana liko wazi. Halafu geti linafungwa, na siku ya kuuliza unaambiwa hapa hapakuwa na njia kamwe. Hakuna aliyepiga kelele kwa kuwa hakuna aliyekuwa akipita. Mahali pasipopitwa hupata mwenyewe, nami sitachoka kulisema hili hata mkinichoka. Piteni! Pelekeni watoto kwa miguu, kwa njia ile ile, kila wiki. Mkikuta imezibwa, pigeni picha, andikeni barua kwa afisi ya ardhi ya kaunti na nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haijaandikwa.

Haller Park bado kuna yule kiboko na kobe wake? (Mwalimu, Mikindani)

Swali hili nimelijibu tangu sijaota mvi. Kiboko Owen aliokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Bamburi, akamganda kobe Mzee, dunia ikalia machozi. Baadaye akahamishiwa kwa kiboko mwenzake. Basi.

Ambalo hamniulizi ndilo la ajabu. Mwalimu, wanafunzi wako watakuwa wanatembea ndani ya shimo lililochimbwa mawe ya saruji. René Haller alipoanza kupanda miti pale mwaka 1971, palikuwa mwamba mtupu na maji ya chumvi chini yake. Miti mingi aliyoijaribu ilikufa, mvinje ukashika. Ila majani ya mvinje yalianguka yakarundikana, hayaozi. Wakaletwa majongoo. Jongoo akayatafuna, kinyesi chake kikawa udongo, na udongo ule ndio uliopokea miti mingine yote mnayoiona. Sasa nenda pale siku ya shule: jongoo mweusi mwenye miguu myekundu anavuka njia taratibu, watoto wanapiga mayowe, na mtu mzima anainua kiatu. Mwalimu, kiatu hicho kishikilie wewe.

Watoto walipata kiti cha pweza, kile cha umbo la nyota, tukakitoa majini kupiga picha, tukakirudisha. Hakuna neno, sivyo? (Dada wa Tudor)

Lipo neno. Yule ni mnyama, na pumzi yake iko majini. Mzunguko mmoja wa picha za ukoo mzima unatosha kummaliza, kurudishwa au kutorudishwa. Makombe na matumbawe pia muyaache. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari tangu 1986, na ndani ya ile sehemu ya mbuga hata mshipi hauruhusiwi, seuze mfuko wako.

Tuko vijana kumi, tunataka kushuka maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills. Tubebe nini?

Vitambulisho, ili mlipe ada ya mwananchi, na malipo myafanye kwa eCitizen, mtandao wa serikali, kabla ya kutoka nyumbani. Viatu vya kufunga, si ndala, maana kushuka ni starehe na kupanda ndiyo kodi yake. Maji yabebeni kwa chupa za kurudia. Plastiki za kutupa zilipigwa marufuku kwenye hifadhi zetu tangu tarehe 5 Juni 2020, na bado kuna wanaojifanya ndio kwanza wamelisikia langoni. Mtasindikizwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki kwa sababu ya ndovu. Spika acheni Mombasa. Mkiwa na bahati mtamwona palahala, aina ya swala mkubwa, na Kenya nzima hayupo porini pengine ila hapo.

Tunaweza kufanya bathidei Kaya Kinondo?

Hamwezi. Ni msitu wa ibada, una wazee wake. Utaingia na kiongozi, utajifunga kaniki, hutatoka hata na jani. Keki kaleni Diani.

Nairobi wana Karura, wana Uhuru Park. Sisi Mombasa tuna nini? (Mlalamishi, Buxton)

Una bustani ya Mama Ngina: mibuyu, upepo, meli zikipita mbele yako kuingia Kilindini, mihogo ya pilipili na dafu, na tangu ukarabati wa 2019 una na pa kuketi. Kiingilio ni mguu wako. Na hiyo Karura unayoitamani haikushuka mbinguni. Wangari Maathai alipasuliwa kichwa pale Januari 1999 akienda kupanda miti kuzuia isigawanywe. Wewe mara ya mwisho umekwenda Mama Ngina lini? Na kifuu cha dafu ulikitupa wapi?

Ami, ni kweli mibuyu ya Mama Ngina ina mashetani? (Asiyetaka jina)

Kama wamo, wamelala. Vinginevyo wangekwisha kuwashika wanaochonga majina ya wapenzi wao kwenye magome.