Nyota za buluu miongoni mwa wazee

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba nyota za fungunyota tufe (kundi la nyota nyingi mno zilizosongamana kama mpira) zilizaliwa karibu wakati mmoja, zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, na kwamba nyota nzito za buluu hazidumu. Mbona basi nyota za buluu zinaonekana ndani ya mafungu hayo hayo?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako ndilo lililomkabili mwanaastronomia Allan Sandage mwaka 1953 alipochunguza fungunyota tufe M3. Katika fungu la umri huo, nyota yenye masi inayozidi sana 0.8 ya masi ya Jua ilipaswa kuwa imekwisha kumaliza hidrojeni ya kiini chake na kuvimba, lakini alizoziona zilikuwa na rangi na mng'aro wa nyota nzito kuliko hizo. Umri wao ni uleule wa jirani zao, ila zimelishwa masi ya ziada.

Nyota mbili zinapozungukana kwa karibu, iliyo nzito huzeeka kwanza, huvimba, na gesi ya tabaka zake za nje humiminikia mwenza wake, naye hupata fueli mpya na kung'aa kana kwamba amerudi ujanani. Iliyotoa gesi hubaki kibete cheupe, yaani kiini kidogo kilichoshindiliwa cha nyota iliyokwisha fueli. Njia nyingine ni nyota mbili kugongana na kuwa moja, jambo linalowezekana katika msongamano wa fungunyota tufe, lakini lisilotarajiwa karibu na Jua letu, ambako nyota zimetawanyika mno.

Msongamano huo wa nyota pia huchagua jozi, yaani nyota mbili zinazozungukana, zipi zidumu. Mtaalamu wa mienendo ya nyota Douglas Heggie alionyesha mwaka 1975 kwamba jozi iliyoshikamana sana huzidi kukazwa nyota ya tatu inapopita karibu, ilhali jozi legevu huvunjika. Hiyo ni sababu mojawapo ya jozi kuwa chache humo. Nyota ipitayo huondoka na mwendo zaidi, na hivyo jozi hukipa kiini cha fungu nishati inayokizuia kisiporomoke, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linastaajabisha kuliko rangi ya buluu yenyewe.

Wakati mwingine mgeni hutwaa nafasi ya mmoja wa jozi. Nyota nyutroni (masalio yaliyoshindiliwa mno ya nyota kubwa iliyolipuka) ikiingia hivyo, hufyonza gesi ya mwenza wake na kuongeza kasi ya kujizungusha hadi kuwa pulsa ya milisekunde, yaani nyota itoayo mapigo ya redio kila baada ya milisekunde chache. Ya kwanza katika fungunyota tufe iligunduliwa mwaka 1987 ndani ya M28. Nyingine, iliyo katika fungunyota tufe Terzan 5, hujizungusha mara 716 kwa sekunde.