Maswali ya Wasomaji: Kichaka cha Matuta ya Mchanga

SWALI: Katika matuta ya mchanga karibu na Mambrui kuna kichaka kinachofika kiunoni, chenye majani manene yasiyopukutika hata wakati wa kiangazi. Maua yake ni meupe na ni kama yamekatwa nusu, na matunda yake yakiiva huwa meusi. Mtunza bustani wetu anashikilia kuwa ni mmea uleule uliopandwa hotelini, ingawa ule una matunda meupe. Ni mmea gani, na je, tunaweza kuung’oa ili tuione bahari?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ua hilo ndilo linaloondoa shaka. Petali zake tano zimeelekea upande mmoja, na mrija wake umepasuka upande wa pili hadi chini, jambo ambalo hulioni kwenye vichaka vingine vya ufukweni kama Suriana maritima na Sophora tomentosa, ambavyo maua yake ni ya manjano. Mmea wenu ni wa jenasi ya Scaevola, ambayo ina spishi mbili katika pwani yetu, na rangi ya tunda ndiyo inayozitenganisha: jeusi ni la Scaevola plumieri, jeupe ni la Scaevola taccada. Pasipo matunda, tazama umbo. S. taccada hurefuka kumpita mtu na majani yake ni mapana, ya kijani kilichokolea kidogo tu; S. plumieri ni fupi, na mashina yake hutambaa chini ya mchanga yakichomoza ncha tu, hata vichaka vinavyoonekana vingi mara nyingi huwa ni mmea mmoja.

Mtunza bustani hakukosea sana, kwa kuwa zote mbili ni za asili ya kwetu. Kule Florida mambo ni tofauti: S. taccada ilipelekwa kutoka nje, ikaenea ufukweni na kuibana S. plumieri, ambayo ndiyo ya asili huko.

Kuhusu kuung’oa, sishauri hata kidogo. Mchanga wa Mambrui huletwa na mto Sabaki, kisha upepo huusukuma nchi kavu. Kichaka hiki huunasa, na kila kinapofukiwa huchipua tena juu yake. Kikiondolewa, mchanga huo utahamia uani kwenu. Pitisheni njia nyembamba ya kwenda ufukweni, iliyokatwa mshazari ili isielekeane na upepo wa kusi, na matawi yanayoziba njia yapunguzwe bila kugusa mashina yaliyofukiwa.