Uliza Ujibiwe: LUKU inaisha mapema, ni friji, ni shemeji au ni chuma ulete?

SWALI: Habari zenu wahariri, mimi ni mama wa watoto wawili naishi Mbagala Rangi Tatu. Zamani LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi ilikuwa inanifikisha wiki tatu, siku hizi wiki mbili tu giza hilo. Mume wangu anasema ni friji kwa sababu nauza barafu za ubuyu na watoto wa mtaa mzima wanagonga mlango kuanzia asubuhi. Mi namshuku mdogo wake tunayekaa naye, anapiga pasi kila siku mpaka tisheti, ingawa ndo anayempeleka mdogo shule. Mama mkwe anasema ni chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta mali za watu, kuna mtu anavuta. Mwanangu wa form two kaniambia mama fikiria kisayansi, sasa sayansi si ya maabara jamani, ya nyumbani kwangu inayajulia wapi? Halafu eti kweli kitu cha moto kinaganda haraka kuliko cha baridi? Maana mi ubuyu nikishauchemsha nautia friza na moto wake.

JIBU: Mama wa wawili, pole na giza. Kijana wako yuko sawa ila naona kakuachia neno tupu bila kukuonesha pa kuanzia. Ukiuliza nani anakula umeme kila mtu ana jibu lake na mtabishana mpaka Idd, ila ukiuliza jana saa nne usiku mita ilisoma ngapi na leo saa kumi na mbili asubuhi inasoma ngapi, ubishi unakata wenyewe.

Kwanza acha kuhesabu kwa shilingi, hesabu kwa yuniti. Fungua meseji zako za zamani za tokeni uone elfu kumi ilikuwa inakupa yuniti ngapi na sasa inakupa ngapi, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU na ukinunua mwanzo wa mwezi unaona kabisa zimepungua, halafu watumiaji wadogo wana bei yao nafuu, ukizidisha matumizi unatolewa huko. Inawezekana nyumba inakula vilevile ila hela ndo inanunua kidogo, hapo shemeji na friji mnawaonea bure.

Kama yuniti ni zilezile, sasa kazi. Usiku mmoja chomoa kila kitu ubaki na friji peke yake, andika namba ya mita, asubuhi andika tena, toa. Kesho yake jaribu kitu kingine. Kimoja kimoja dada yangu, wengi wanaharibu hapa, wanazima feni na TV na kupunguza pasi siku hiyohiyo halafu umeme ukidumu hawajui waishukuru nini. Mi mwenyewe niliwahi kununiana na mke wangu karibu mwezi mzima kwa ajili ya feni yake, kuja kupima kumbe ni jagi la umeme la chai, na mchemshaji ni mimi, nachemsha jagi zima nakunywa kikombe kimoja.

Pasi igeuze usome wati. Ya wati 1000 ikiwaka saa nzima mfululizo ni yuniti moja, kwa hiyo shemeji akinyoosha dakika kumi kila siku kwa mwezi ni kama yuniti tano. Friji nalo lina kipimo chake cha bure, weka noti ya elfu moja kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka kilaini mpira umechoka, baridi inavuja na mota hailali, achilia mbali hao wateja wako wa kufungua kila dakika.

Hilo la ubuyu wa moto umegusa jambo la nyumbani kabisa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba Sekondari, alikuwa anatengeneza aiskrimu, akahofia kukosa nafasi kwenye friji akaingiza maziwa yakiwa ya moto, yakawahi kuganda kuliko ya mwenzake. Mwalimu akamwambia umechanganya mambo. Baadaye yuko Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, profesa wa fizikia wa chuo kikuu cha hapa Dar aliyekuja kuwatembelea, wenzie wakacheka, ila profesa aliporudi hakubaki kubishana, akaenda kupima, na 1969 wakaandika makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo, wapo waliopima wasione kitu. Kwako wewe lakini hata ubuyu ukiwahi kuganda ule moto wote lazima friji iutoe, na inautoa kwa yuniti zako. Uache upoe mezani kwanza.

Mama mkwe usimbishie. Muulize kwa adabu, mama, tukiona nini utasema hapana hii sio chuma ulete? Kama hakuna kitakachomfanya aseme hapana basi hilo mita haiwezi kulijibu, liache lilivyo. Ila kuna kipande chake kinapimika: zima meni swichi ya nyumba nzima halafu kaiangalie mita, ile taa nyekundu ikiendelea kupepesa na namba ikashuka ujue kuna waya unavuta kabla ya swichi yenu, na mama atakuwa amepatia kwamba kuna mtu anavuta. Toa taarifa, usiguse mwenyewe.

Imebaki ile ambayo hukuiuliza ila nimeisoma kwenye mstari wa pasi, shemeji achangie au asichangie. Mita itakwambia anakula yuniti tano, haitakwambia kama tano ni nyingi kwa mtu anayekupelekea mtoto shule kila asubuhi. Hiyo kaa na baba watoto muongee, ila ningekuwa mimi ningesubiri namba za friji zitoke kwanza, maana zikija kubwa shemeji naye atakuwa na swali lake kuhusu hela za barafu.