Muulize Fundi Besi: brigi isiyokaa mahali pake, besi inayovuma, na bendi iliyommeza mpiga besi

Barua za mwezi huu kuhusu gitaa la besi zimenichekesha kidogo na kunipa huruma pia, maana nusu ya walioandika walishika drili kabla hawajashika rula. Nimechagua tano. Mbili nimezijibu kwa kirefu sababu ndo zenye maswali ninayoulizwa kila siku, zingine nimepita haraka.

Shikamoo fundi. Nina shingo ya besi ya nyuzi nne, nimeitoa kwenye gitaa lililopasuka mwili, nati yake (kile kipande kinachoshika nyuzi upande wa kichwa) nzima na trasirodi (chuma cha ndani cha kunyoosha shingo) inazunguka vizuri tu. Nimepata ubao mgumu, nataka nichonge mwili mwenyewe. Brigi, ile inayoshika nyuzi upande wa mwili, naiweka wapi nisikosee? Halafu jamaa yangu anasema ubao ukiwa mzito ndo besi inalia vizuri, ni kweli? – Mchonga Ubao

Marahaba mwanangu. Kabla ya brigi tuongee ubao kwanza. Mzito au mwepesi si hoja, hoja ni je umekauka? Ubao mbichi ukiuchonga leo, baada ya miezi miwili shimo la shingo limepinda na skrubu zimelegea, utalaumu kila kitu isipokuwa ubao. Njia yangu ni ya kizamani, naupima kwenye mizani kila wiki na kuandika kwa penseli hapohapo kwenye ubao, uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu nne mfululizo basi nachukua msumeno. Ubao mzito sana utauchonga kwa raha halafu utaubeba begani masaa matatu ukiwa umesimama, hapo ndo utamkumbuka huyo jamaa yako. Ila mwepesi kupita kiasi nao una kasoro yake, kichwa cha gitaa kinadondoka kila ukiachia mkono wa kushoto, kwa hiyo unapochora umbo hakikisha ile pembe ya juu inayoshika mkanda inafika karibu na usawa wa freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, unahesabu kutoka kwenye nati). Ikiishia freti ya 15 au 16, kichwa kitakwenda chini tu hata ufanyeje.

Sasa brigi. Usikisie eti besi zote ni sawa. Chukua rula ya chuma, pima kuanzia ukingo wa nati ule unaotazama freti, mpaka katikati ya freti ya 12, halafu zidisha mara mbili. Ukipata mm 432 basi urefu wako ni mm 864, yaani inchi 34, kipimo ambacho kampuni ya magitaa ya Fender walikitumia kwenye besi yao ya Precision Bass ya 1951 na mpaka leo ndo kimezoeleka zaidi. Ukipata mm 381 una shingo fupi ya mm 762. Nimesema ukingo unaotazama freti na narudia, sababu besi yangu ya kwanza kabisa nilipimia ule upande wa pili wa nati, upana mzima wa nati ukaingia kwenye hesabu na nati ikiwa mm 5 tu ukizidisha mara mbili ni sentimita nzima, brigi nikaitoboa, nyuzi nikafunga, nikapiga freti ya 12 na jirani yangu akauliza kama naumwa. Nilijaza yale matundu kwa vijiti vya mbao na gundi nikatoboa upya, na makovu yapo mpaka leo.

Kwenye brigi kuna vile vikalio vidogo ambavyo kila uzi unakalia chake na vinasogezwa kwa skrubu. Kikalio cha uzi mwembamba, G, kisogeze mbele kuelekea shingo karibu mpaka mwisho, ubakize kidogo tu, halafu weka brigi ili hicho kikalio kiwe kwenye mm 864 kamili. Vingine vyote vitahitaji kurudi nyuma, uzi wa E ndo unarudi zaidi, milimita kadhaa, kwa sababu uzi mnene ukiubonyeza unavutika na sauti yake inapanda juu kidogo, unaufidia kwa kuurefusha. Ukiiweka brigi vikalio vikiwa katikati si kosa sana, ila ukivipanga vyote nyuma kabisa umeshajifungia mlango.

Na usitoboe bado! Funga shingo kwanza, brigi ndo inaifuata shingo, si shingo kufuata brigi. Kisigino cha shingo nyingi ni unene wa kama mm 25 na shimo lake kwenye mwili kama mm 16, lakini yako ipime yenyewe. Shingo ikishakaa, chukua uzi wa kushonea, upitishe kwenye tundu la nati la E mpaka kwenye kikalio chake, mwingine kwenye G, ukazie kwa utepe wa karatasi wenye gundi, halafu tazama freti ya mwisho: nafasi ya pembeni kulia na kushoto ziko sawa? Kama upande mmoja uzi unakaribia kudondoka nje ya shingo, telezesha brigi mpaka zilingane, hapo sasa weka alama. Ile kekee ifunge utepe huohuo kuonyesha kina usije ukatokea upande wa pili (usicheke, nimeona), na skrubu zipake sabuni au nta ya mshumaa kabla ya kuzikaza, kwenye mbao ngumu zinakatika vichwa kama kiberiti.

Kitu kimoja wengi wanasahau, chini ya brigi toboa njia nyembamba ya waya kwenda kwenye shimo la poti (vile vifaa vya kupandisha na kushusha sauti). Sababu yake isome kwa mwenzako hapo chini.

Fundi habari. Besi yangu ina pikapu mbili (zile zinazodaka mlio wa nyuzi), inavuma mmmm muda wote, nikishika nyuzi inapungua. Nimebadilisha poti zote mbili za volyumu, imegoma. Ninunue pikapu mpya? – Mzee wa Solda

Salama. Rudisha hela mfukoni. Umebadilisha poti kabla ya kujua ugonjwa, ni sawa na kung'oa jino sababu kichwa kinauma.

Kwanza ukishika nyuzi mvumo ukapungua, hiyo ni habari njema, waya wa athi (ethi, ule wa ardhi) unaotoka brigi upo na unafanya kazi. Mwili wako unakusanya mvumo wa umeme wa nyumba, 50 Hz au 60 kulingana na nchi, na unausogeza karibu na pikapu, ukigusa nyuzi unakuwa umeunganishwa na athi na unaacha kuwa antena. Ingekuwa ukishika ndo unazidi, hapo ningesema nyaya za jeki (tundu la kuchomekea waya) zimepishana, ya moto, yaani inayobeba sauti, imekwenda pa athi. Hakikisha na mita, weka kwenye omu, ncha moja kwenye brigi nyingine kwenye sehemu ya nje ya jeki, isome karibu na sifuri.

Pili fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Fungua volyumu zote mbili mpaka mwisho, sikiliza, halafu shusha moja. Kama mvumo ulipotea zote zikiwa wazi na ukarudi ulipofunga moja, besi yako ni nzima kabisa, ni tabia ya pikapu za koili moja (msokoto mmoja wa waya), zile mbili zimesukwa kinyume ili zifutane mvumo zikiwa pamoja. Pikapu ya Precision tangu 1957 imegawanywa vipande viwili kwa sababu hiyohiyo na ndo maana inavuma kidogo sana. Lakini kama zote zikiwa wazi sauti inakuwa nyembamba, kama besi inaongea kwa simu, basi zinafuta sauti ya besi yenyewe. Badilisha nyaya mbili za pikapu moja, iliyokuwa ya moto ipeleke athi na ya athi ipeleke pa moto, imeisha. Angalia tu kama pikapu ina mfuniko wa chuma uliounganishwa na waya wa athi, huo mfuniko lazima ubaki athi.

Kilichobaki ni kinga. Shimo lote la poti na la pikapu lipake utepe wa shaba, vipande vipandiane, uviguse solda kila vinapokutana, halafu waya mmoja kutoka kwenye shaba kwenda mgongoni mwa poti. Mfuniko nao uwe na shaba inayogusana na ya shimoni. Kazi ya jioni moja, na inasaidia sana ukiwa karibu na taa zenye dima (kifaa cha kupunguza mwanga). Poti kwa pikapu zako ziwe za kiloomu 250, kapasita ya kifundo cha toni nanofaradi 47, kama umeweka za kiloomu 500 utasikia mlio mkali zaidi na si kosa, ni ladha tu.

Ila sikiliza, ukiwa jukwaani ukapigwa shoti mdomoni kwenye maiki huku umeshika nyuzi, hiyo si besi tena, hiyo ni athi ya umeme wa ukumbi au ya ampu. Usipige hata noti moja mpaka ipimwe, na kamwe usikate ule mguu wa athi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Kuna watu wamekufa hivyo.

Nataka kung'oa freti niwe na besi laini isiyo na freti. Kisu kinatosha? – Vidole Laini

Kisu kitakuachia ubao wa vidole kama ulioliwa na mchwa. Pasha kila freti kwa pasi ya solda mpaka iwe moto, gundi ilegee, halafu koleo iliyosagwa uso ukawa bapa, ianze pembeni ikibana kidogokidogo bila kuvuta juu. Mifereji jaza vipande vyembamba vya mbao na gundi, sio unga wa mbao peke yake, maana mifereji ikiwa mitupu shingo inaweza kujipinda kwenda nyuma. Kisha msasa juu ya kibao kilichonyooka au chenye mviringo uleule wa ubao wako. Nyuzi za kawaida, zilizozungushiwa waya wa mviringo, zitautafuna ubao laini, ndo maana ile besi ya Fender, Jazz Bass ya 1962, ya mpiga besi Jaco Pastorius ilipakwa epoksi, au weka nyuzi bapa (zilizozungushiwa waya bapa) na usahau. Nati nayo ichimbe chini zaidi. Na kidole sasa kinakaa juu ya mstari wenyewe, sio nyuma yake kama ulivyozoea.

Kaka fundi, mi ni dada napiga besi bendi ya watu watano. Chumbani sauti yangu tamu, jukwaani sisikiki kabisa, nimeongeza besi kwenye ampu mpaka mwisho na bado. Ninunue ampu ya wati mara mbili? – Nimemezwa

Dada yangu, hiyo sauti tamu ya chumbani ndo adui. Ukiwa peke yako unapenda besi nyingi na mlio wa juu, katikati unapunguza, sasa bendi ikianza dramu ya mguu inakula chini, sahani na magitaa yanakula juu, na katikati ambako ungesikika umeshapaondoa kwa mkono wako mwenyewe. Rudisha vifundo vyote katikati, shusha besi kidogo, pandisha eneo la kati, kati ya 250 na 800 Hz hivi. Peke yako itasikika mbaya, kama inakoroma. Usiiguse. Ngoja bendi iingie.

Wati mara mbili zinakuongezea desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, kitu cha kusikika kidogo, sio kuzidi mara mbili. Kabla ya kutoa hela inua spika juu ya kiti imara au iegemeze ikuangalie usoni, maana ikiwa sakafuni mlio wa kati unapita magotini, wewe husikii halafu unaongeza, na aliye mita kumi mbele anaziba masikio. Mwambie mpiga kinanda naye apunguze mkono wa kushoto, hili nalisema kwa upendo, wanapenda sana kukaa sehemu yetu. Ukiongeza spika ya pili soma nyuma ya ampu, mbili za omu 8 pamoja ni omu 4, tatu ni chini ya 3, na kama ampu imeandikwa mwisho 4 utaichoma. Waya wa spika uwe wa spika, sio ule wa gitaa.

Na kama besi yako ina betri ya volti 9, chomoa waya kwenye jeki ukimaliza, nyingi zinakula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa. Mimi niliiacha imechomekwa usiku kucha kabla ya shoo, wimbo wa tatu sauti ikaanza kupasuka kama redio iliyolowa, wa nne kimya, nikabaki nachezesha vidole na kutabasamu mpaka mwisho. Siku hizi nabeba betri, waya wa ziada na seti ya nyuzi hata zile za zamani.

Nyuzi zinabadilishwa kila baada ya muda gani? – Swali Fupi

Zikishindwa kutyuni vizuri freti ya 12, au zikikatika. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown, alikuwa na nyuzi bapa ambazo hakuwa na haraka ya kubadilisha, na hakuna anayelalamika. Ukitaka mng'ao wa nyuzi mpya na huna hela, zichemshe dakika kumi kwenye maji, zikaushe vizuri, utapata siku chache za furaha.