Sikio liliziba, nikakimbilia video

Niliamka asubuhi moja sikio la kushoto limeziba, kama lililoingia maji. Maumivu hakuna. Nikatafuta kwenye simu, na video ya kwanza ilikuwa imetazamwa mara zaidi ya milioni: tia matone ya mafuta, lala ubavu, subiri nta ilainike. Jamaa alieleza vizuri, na kwa mwenye nta ushauri ule haukuwa mbaya.

Mimi sikuwa na nta.

Nilitia mafuta siku sita. Siku ya saba daktari akamulika ndani, akakuta njia ni safi na ngoma ya sikio ni nzima. Akachukua chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga, akakisimamisha katikati ya paji la uso wangu. Mlio unausikia upande gani? Kulia, nikasema, kwenye sikio zima. Akaacha utani. Kama ni nta, mlio huelekea upande ulioziba. Ukikimbilia upande mzima, kinachoshukiwa ni sikio la ndani au neva yake. Siku hiyohiyo nikapimwa usikivu na kuanzishiwa vidonge vya steroidi, ambavyo hufaa zaidi vikianzwa mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza. Usikivu ulirudi, si wote. Simu bado naipokea kwa sikio la kulia.

Ndiyo maana sihesabu tena watazamaji. Wingi wao unaonyesha video inavutia tu, na hakuna kinachovutia kama bonge la nta likitolewa. Mshumaa wa sikio, ule unaochomekwa sikioni na kuwashwa eti uvute nta, nao unapendeza kutazama, ila ule unga wa kahawia unaobaki ni wa mshumaa wenyewe, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba mshumaa huo unaweza kuunguza na kutoboa ngoma.

Siku hizi namsikiliza msemaji kwanza: je, anauliza dalili kabla ya kutaja dawa? Anasema nani asijaribu? Anayekuambia utie maji au dawa ya matone bila kutaja ngoma iliyotoboka, mpite. Anayeahidi kumaliza mvumo wa sikio kwa siku tatu, mpite haraka zaidi.

Zipo nzuri, nisizionee. Zoezi la Epley kwa kizunguzungu cha kugeuza kichwa, kwa mfano, huelezeka vizuri kwa picha kuliko kwa maandishi. Lakini hata hilo lina upande wake, kulia au kushoto, na kwanza mtu awe amekupima akajua ni kizunguzungu cha aina hiyo.

Sikio likipoteza usikivu ghafla, likitoa usaha au damu, uso ukipinda upande mmoja, au mtoto akiingiza betri ya kitufe, ile ndogo ya duara, sikioni, usitafute video. Na kwa betri, usitie maji wala mafuta. Mpeleke mtoto hospitali saa hiyohiyo.